Torenti kwa njia ya amri: jinsi ya kupakua faili kubwa bila kumaliza bando

Faili kubwa likikatika katikati, msikilizaji wa Tandahimba hupoteza vitu viwili kwa pamoja: bando alilonunua na usiku aliokesha akisubiri. Kesho yake anaanza upya kutoka sifuri. Ndiyo maana wengi wanaotuuliza habari za torenti huanza na swali moja: je, ni kweli njia hii haianzi upya mtandao ukikatika?

Jibu ni ndiyo. Lakini torenti ina tabia nyingine ambayo watu wachache huambiwa: isipowekewa mipaka, inaweza kula bando mara mbili ya ukubwa wa faili lenyewe. Makala haya yanaeleza torenti inavyofanya kazi, pa kupata mafaili halali, na amri za kuandika kwenye simu ya Android au kompyuta ya Linux ili wewe ndiwe uamue bando linakwenda wapi.

Torenti ni nini?

Upakuaji wa kawaida ni kama foleni kwenye bomba moja. Faili liko kwenye seva moja, na kila anayelitaka anakwenda hapohapo. Wakiwa wengi, maji yanatoka kidogokidogo. Bomba likifungwa, wote wanarudi na ndoo tupu.

Torenti ni njia nyingine. Fikiria darasa la wanafunzi 40 lenye kitabu kimoja tu. Mwalimu anampa kila mwanafunzi ukurasa wake anakili. Kisha wanafunzi wanabadilishana: wewe una ukurasa wa 3, mimi nina wa 17, tunakiliana. Baada ya muda kila mmoja ana kitabu kizima, na mwalimu anaweza kwenda zake.

Mfumo huu unaitwa BitTorrent. Bram Cohen, mtaalamu wa programu wa Marekani, alitoa toleo lake la kwanza mwaka 2001. Faili hugawanywa katika vipande vidogo, na kila kipande kina alama yake ya utambulisho. Simu yako ikipokea kipande, inakilinganisha na alama hiyo. Kikiwa sawa kinahifadhiwa; kikiwa kibovu kinatupwa na kuombwa upya. Kwa sababu hiyo mtandao ukikatika hakuna hasara kubwa: vipande vilivyokwisha kuhakikiwa vinabaki, na vinatafutwa vile vilivyosalia tu.

Maneno matatu utakutana nayo kila mara. Faili lenye mwisho wa .torrent ni dogo sana, na halina kitu chenyewe unachokitaka. Ni orodha ya vipande na alama zake. Kiungo cha magneti ni mstari wa maandishi unaoanza na magnet: na hufanya kazi hiyohiyo bila kuhitaji faili. Na mbegu ni mtu mwenye nakala kamili anayeendelea kuwagawia wengine.

Kwa nini bando linaisha kimya kimya

Rudi kwenye lile darasa. Wakati unanakili ukurasa wa mwenzako, naye ananakili wako. Ndivyo simu yako inavyofanya: inapakua na kupandisha kwa wakati mmoja. Mitandao ya simu huhesabu vyote viwili kwenye bando lako.

Programu ya aria2, ambayo tutaitumia hapa, ina kanuni yake ya kawaida: isipoambiwa vingine, inaendelea kuwagawia wengine hadi iwe imetoa kiasi kilekile ilichopokea. Maana yake faili la GB 1 linaweza kukugharimu GB 2. Programu nyingine hazina hata kikomo hicho. Zinaendelea kugawa mpaka uzifunge mwenyewe.

Kwa mtu wa mjini mwenye waifai ya malipo ya mwezi, hilo si tatizo. Kwetu kwenye uwanda wa Makonde ni tatizo. Fedha ya korosho huingia baada ya minada, kuanzia Oktoba na kuendelea. Miezi mingine bando hununuliwa kwa kubana matumizi. Wengi mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za bando zilipoanza kutumika na malalamiko yakawa makubwa hadi Serikali ikazisitisha. Bando ni gharama ya kweli, na programu isiyoijua gharama hiyo inabidi ifundishwe.

Kuifundisha ndiyo kazi ya amri.

Linux iko mfukoni mwako

Simu ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kinachokosekana ni dirisha la kuandikia amri, na dirisha hilo hutolewa na programu ya bure iitwayo Termux. Ipate kwenye duka la programu huria la F-Droid, ambako ndiko watengenezaji wake wanakoelekeza watu. Inafaa kwa simu zenye Android 7 kwenda juu.

Fanya maandalizi haya mahali penye waifai, kwa sababu Termux na masasisho yake yanaweza kula zaidi ya MB 100. Fungua Termux uandike mstari mmoja mmoja, ukibonyeza kitufe cha kuingiza baada ya kila mstari:

pkg update
pkg upgrade
pkg install aria2 curl
termux-setup-storage

Amri ya mwisho itakuletea ombi la kuruhusu Termux ifikie hifadhi ya simu. Kubali. Kisha ingia kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa:

cd ~/storage/downloads

Mwenye kompyuta ya Ubuntu, Debian au Linux Mint anahitaji mstari mmoja tu:

sudo apt install aria2 curl

Amri zinazofuata ni zilezile kwenye simu na kwenye kompyuta. Angalia herufi kubwa na ndogo, nafasi na vistari: Linux haisamehe kosa la herufi moja.

Kutafuta: anza kwa mwenye mali

Watu wengi hudhani torenti hutafutwa kwenye tovuti zinazokusanya kila aina ya filamu na nyimbo. Huko ndiko kwenye mafaili ya wizi na virusi. Njia salama ni kuanza kwa mwenye kitu mwenyewe. Hapa kuna vyanzo vinne vinavyotoa torenti kihalali.

Kwanza ni Kiwix, mradi unaotoa Wikipedia nzima katika faili moja ili isomwe bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imo pia. Kwa mwanafunzi wa sekondari asiye na maktaba karibu, hili huenda likawa faili lenye manufaa kuliko yote kwenye orodha hii.

Pili ni mifumo ya Linux yenyewe: Ubuntu, Debian na Linux Mint. Shule au steshenari yenye kompyuta kuukuu iliyoshindwa na Windows inaweza kuifufua kwa mfumo mwepesi.

Tatu ni LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, inayotolewa pia kwa torenti kutoka tovuti yake.

Nne ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ambayo tangu mwaka 2012 huweka faili la torenti kwenye sehemu kubwa ya vitu vyake. Huko soma kwanza maelezo ya hakimiliki ya kila kitu, kwa sababu si vyote vilivyo huru.

Huhitaji kufungua kivinjari chenye picha na matangazo ili utafute. Kwa mfano, kuona matoleo ya Wikipedia ya Kiswahili yaliyopo kwa Kiwix, andika:

curl -sL https://download.kiwix.org/zim/wikipedia/ | grep wikipedia_sw

Amri hii inasoma orodha ya mafaili na kukuonyesha yale tu yenye alama ya Kiswahili, sw, pamoja na tarehe na ukubwa. Maneno ndani ya jina yana maana. Maxi ni makala kamili na picha. Nopic ni makala kamili bila picha. Mini ni utangulizi tu wa kila makala. Mwisho wa jina ni mwaka na mwezi wa toleo. Linganisha ukubwa na bando lako kabla ya kuchagua. Kwa simu yenye nafasi ndogo, nopic inatosha.

Ukishachagua, ongeza .torrent mwishoni mwa jina ulichukue lile faili dogo. Badala ya MWAKA-MWEZI weka tarimu ulizoziona kwenye orodha:

curl -LO https://download.kiwix.org/zim/wikipedia/wikipedia_sw_all_nopic_MWAKA-MWEZI.zim.torrent

Kuangalia kabla ya kununua

Hakuna anayenunua gunia bila kulifungua. Kabla ya kutumia hata MB moja kwa faili lenyewe, agiza aria2 ikuonyeshe kilichomo kwenye torenti. Kuanzia hapa, badala ya faili.torrent andika jina la faili ulilonalo:

aria2c -S faili.torrent

Utaona orodha yenye namba, majina na ukubwa. Hapa ndipo hila nyingi hugunduliwa. Kitu kilichotangazwa kuwa kitabu kikaonyesha faili lenye mwisho wa .apk au .exe si kitabu. Ni programu inayotaka kuingia kwenye simu au kompyuta yako. Kifute.

Ukikuta mafaili kumi na wewe unataka mawili tu, yachague kwa namba zake:

aria2c --select-file=2,5 faili.torrent

Usishangae ukiona vipande vichache vya mafaili jirani vimeingia pia. Kipande kimoja kinaweza kubeba mwisho wa faili moja na mwanzo wa jingine.

Kama ulichonacho ni kiungo cha magneti, chukua maelezo yake kwanza bila kupakua faili lenyewe:

aria2c --bt-metadata-only=true --bt-save-metadata=true 'magnet:?xt=...'

Kiungo kizima kiwe ndani ya alama za nukuu moja, kama ilivyo hapo juu. Ukisahau alama hizo, Linux itaukata mstari kwenye alama ya & na amri itaharibika. Hili ni kosa la kwanza la karibu kila anayeanza.

Kupakua kwa mipaka

Sasa tunafika kwenye amri yenyewe:

aria2c --seed-time=0 --max-overall-upload-limit=5K --max-overall-download-limit=200K --file-allocation=none faili.torrent

Iandike yote katika mstari mmoja. Tuivunje tuone kila sehemu inafanya nini.

--seed-time=0 inasema: faili likikamilika, acha; usiendelee kugawa. Lakini kumbuka, haizuii kugawa wakati upakuaji bado unaendelea. Ndiyo maana sehemu inayofuata ni ya lazima.

--max-overall-upload-limit=5K inaweka kikomo cha kupandisha kuwa KB 5 kwa sekunde, yaani kama MB 18 kwa saa. Usiandike 0 ukidhani umefunga. Kwa aria2, 0 maana yake ni bila kikomo.

--max-overall-download-limit=200K inapunguza kasi ya kupakua ili wengine wanaotumia intaneti yako wasikwame. Kwa kasi hiyo GB 1 huchukua karibu saa moja na nusu. Ukiwa peke yako, unaweza kuiondoa sehemu hii.

--file-allocation=none inazuia simu kutenga nafasi yote ya faili mwanzoni, jambo linaloweza kuikwamisha simu yenye kumbukumbu ndogo.

Kama mtandao wako una bando la usiku lenye saa maalumu, ongeza kikomo cha muda. Ukianza saa sita usiku na bando linaisha saa kumi na moja alfajiri, una saa tano, yaani sekunde 18,000:

--stop=18000

Muda huo ukifika aria2 inajizima yenyewe, hata kama umelala. Weka pungufu kidogo ya muda wa bando, kwa sababu bando la usiku likikwisha, matumizi yanaweza kuhamia kwenye salio la kawaida.

Ili simu isilale na kukata kazi, andika kwanza termux-wake-lock, na uiache kwenye chaji. Asubuhi andika termux-wake-unlock.

Kusoma mstari wa maendeleo

Wakati kazi inaendelea utaona mstari kama huu:

[#2089b0 40MiB/120MiB(33%) CN:12 SD:5 DL:180KiB UL:4KiB(2MiB) ETA:7m]

Umepata MB 40 kati ya 120. CN ni idadi ya watu uliounganishwa nao. SD ni wangapi kati yao ni mbegu. DL ni kasi ya kupakua. UL ni kasi ya kupandisha, na tarakimu iliyo kwenye mabano ni jumla uliyokwisha kutoa; hiyo ndiyo ya kuchunga. ETA ni muda uliobaki.

SD ikikaa 0 kwa muda mrefu na DL haisogei, huenda hakuna mwenye nakala kamili aliye hewani. Usikeshe bure. Amri hii huizima kazi kama hakuna kitu kilichoingia kwa dakika 10:

--bt-stop-timeout=600

Pengine utaona watu wachache kuliko anaowaona rafiki yako wa mjini. Sababu ni kwamba mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Watu wa nje hawawezi kukufikia wao kwanza. Ni lazima simu yako iwatafute. Upakuaji unafanyika, ila unaweza kuwa wa polepole. Hilo si kosa lako, wala si dalili ya simu mbovu.

Kusimamisha na kuendelea

Kusimamisha ni kubonyeza Ctrl pamoja na C. Kwenye Termux, kitufe cha kupunguza sauti hufanya kazi ya Ctrl: kishikilie, kisha gusa herufi c. Subiri sekunde chache programu ifunge yenyewe.

Ukiangalia folda kwa amri ya ls, utaona pembeni ya faili lako kuna jingine lenye mwisho wa .aria2. Hilo ni daftari la kumbukumbu la vipande vilivyokwisha kupatikana. Usilifute. Ukitaka kuendelea, kesho au wiki ijayo, rudi kwenye folda ileile na urudie amri ileile. Faili likikamilika, daftari hilo huondoka lenyewe.

Daftari likipotea kwa bahati mbaya, lakini faili nusu bado lipo, ongeza maneno haya kwenye amri:

--check-integrity=true

Programu itapitia kipande kimoja kimoja na kuendelea pale palipokosekana. Kazi hii inakula chaji, lakini haili bando.

Weka mipaka mara moja, isahau

Kuandika amri ndefu kila siku kunachosha, na siku utakayosahau kikomo ndiyo siku bando litakapokwisha. Afadhali uiandike mipaka kwenye faili la mipangilio la aria2 mara moja tu:

mkdir -p ~/.aria2
echo "seed-time=0" >> ~/.aria2/aria2.conf
echo "max-overall-upload-limit=5K" >> ~/.aria2/aria2.conf
echo "file-allocation=none" >> ~/.aria2/aria2.conf
echo "bt-stop-timeout=600" >> ~/.aria2/aria2.conf

Hakikisha kwa kusoma ulichoandika:

cat ~/.aria2/aria2.conf

Kuanzia hapo, kupakua ni maneno mawili tu:

aria2c faili.torrent

Kama ulinzi wa pili, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, na uangalie Termux imetumia kiasi gani. Hapohapo unaweza kuiwekea simu nzima kikomo cha data. Tarimu hizo ndizo za kuamini pale unapohisi bando limeyeyuka.

Ukiwa na kazi nyingi kwa pamoja

Tuchukue mfano wa kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo pale Mahuta. Anataka Wikipedia, LibreOffice na Linux Mint, na anapenda kuona vyote kwa orodha, asimamishe hiki na kuruhusu kile. Anafaa kutumia Transmission. Kwenye Termux inapatikana kwa pkg install transmission. Programu hii hufanya kazi chinichini, nawe unaipa maagizo:

transmission-daemon (kuiwasha)
transmission-remote -u 5 (kikomo cha kupandisha, KB 5 kwa sekunde)
transmission-remote -a faili.torrent (kuongeza kazi)
transmission-remote -l (kuona orodha, kila kazi na namba yake)
transmission-remote -t 1 -S (kusimamisha kazi namba 1, S kubwa)
transmission-remote -t 1 -s (kuiendeleza, s ndogo)
transmission-remote -t 1 -r (kuiondoa kwenye orodha bila kufuta faili)
transmission-remote --exit (kuizima kabisa)

Tahadhari kubwa iko kwenye mstari wa mwisho. Kwa kawaida Transmission huendelea kugawa faili hata baada ya kulikamilisha, na kufunga dirisha hakuizimi. Usipoandika --exit, kuna uwezekano bado inafanya kazi, na bando lako linaondoka.

Moja apakue, wengi wanakili

Hapa ndipo torenti inapoleta faida kubwa kijijini. Faili la Wikipedia likishakamilika kwenye simu moja, hakuna haja ya watu 20 kulinunulia bando. Linaweza kuhamishwa kwa memori kadi, kwa flashi, au moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Leseni ya Wikipedia inaruhusu kunakili na kugawa. Anayelipokea anahitaji programu ya Kiwix, na toleo linalotolewa kwenye tovuti ya Kiwix yenyewe linafungua mafaili uliyoyaweka mwenyewe kwenye simu.

Jihadhari na jambo moja. Memori kadi nyingi za GB 32 kurudi chini zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lililozidi GB 4. Kadi inaweza kuwa na nafasi tupu ya GB 20, na bado ikalikataa faili la GB 5. Kadi haijaharibika, mpangilio wake ndio una mpaka huo.

Na wenzetu walioko nje wanaotugawia vipande je? Torenti huishi kwa sababu kuna watu wanaoacha mashine zao zigawe. Wote tukichukua bila kutoa, mfumo utakufa. Sisi wa bando la kupima tusijilaumu kwa kuweka kikomo. Lakini siku ukiwa mahali penye waifai isiyopimwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, rudisha fadhila. Kwenye folda yenye faili lililokamilika, andika:

aria2c --check-integrity=true --seed-time=120 --max-overall-upload-limit=500K faili.torrent

Hiyo ni kugawa kwa muda usiozidi dakika 120, yaani saa mbili.

Sheria inasemaje?

Torenti kama njia si kosa. Kosa liko kwenye unachopakua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii, waandishi na watengeneza filamu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki hizo.

Kwa torenti kuna jambo la ziada la kufikiri. Anayenakili wimbo kutoka simu ya rafiki yake anapokea tu. Anayepakua wimbo huohuo kwa torenti anaupokea na kuwagawia wasiojulikana kwa wakati uleule. Kwa hiyo kisingizio cha "mimi nimechukua tu" hakina nguvu. Ukitaka kazi ya msanii wa Bongo, itafute pale anapoiuza au anapoiweka mwenyewe.

Baadhi ya watu hushauriwa watumie VPN wanapopakua torenti. Fahamu kuwa Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watumiaji wa VPN waitolee mamlaka hiyo taarifa zao. Kwa mafaili halali tuliyoyataja hapa, huhitaji VPN.

Kwa ufupi

Chukua torenti kwa mwenye mali. Angalia kilichomo kwa aria2c -S. Weka kikomo cha kupandisha kabla ya kuanza, si baada ya bando kuisha. Weka --stop kama bando lina saa. Usifute faili la .aria2 kabla kazi haijakamilika. Ukitumia Transmission, izime kwa --exit. Na ukishapata faili la manufaa, wagawie majirani kwa kadi, wasilinunulie bando tena.

Kama ni mara yako ya kwanza, jaribu kwanza na toleo la mini la Wikipedia ya Kiswahili. Angalia matumizi ya data kabla na baada. Ukiona tarimu zinalingana na ukubwa wa faili, ujue mipaka uliyoweka inafanya kazi, na unaweza kuendelea na mafaili makubwa.